Asubuhi za Arusha na Mabinti Zetu

Siku hizi mtu wa kwetu Kitandililo, Makambako, akitaka kwenda Arusha hana haja ya kushuka mpaka Chalinze ndipo apande na njia ya Segera. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, unapandia basi Makambako, unapita Iringa, Mtera, Dodoma, Kondoa na Babati, unaingia Arusha. Ni ile barabara kuu ya zamani ya kutoka Cape Town kwenda Cairo, ambayo wenyeji wa Arusha husema katikati yake ni pale kwenye Mnara wao wa Saa. Naipenda safari hii. Pale Mtera samaki wa kukaanga wanakufuata mpaka dirishani, na ukishapita Babati abiria wa kwetu waliokuwa wanapiga soga wananyamaza, kila mtu anachungulia nje.

Wanaorudi kutoka huko husimulia watalii na magari ya mbugani. Mimi nasimulia saa kumi na mbili asubuhi. Mlima Meru unaonekana wote kabla mawingu hayajaufunika. Makonda wa vifodi wanaita Kwa Mrombo, Sakina, Ngaramtoni. Mlinzi wa Kimaasai anakunja shuka lake baada ya kukesha, na kwenye migahawa mtori umeshachemka. Baridi ya Julai wanayoilalamikia wao, kwetu sisi ni ya kufulia nguo.

Saa hiyo hiyo, mageti ya mitaa ya wenye nafasi yanafunguliwa na mabinti. Mmoja anafagia, mwingine anaosha gari, mwingine amemshika mtoto mkono wakisubiri basi la shule. Ukiwasikiliza wanavyozungumza, wengi wametoka kwetu: Njombe, Makambako, Iringa.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara naongea kwa simu na watu wa nyumbani, kwa Kibena, binti mmoja akageuka. Alikuwa amepiga magoti anamfunga mtoto kamba za viatu. Viatu vya mtoto vinang'aa. Yeye ana kandambili, na sweta lake limebaki na kifungo kimoja cha juu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Kwenu ni wapi?"

"Makambako, baba, ila siyo mjini. Ndani ndani kule." Hapo hapo akauliza, "Wameshaanza kuvuna?"

Nikamwambia wameanza. Nikamuuliza kama huwa anaongea na mama yake. Akasema simu anayo mama mwenye nyumba, humpa Jumapili. Na mshahara? "Anatumiwa aliyenileta. Yeye ndiye anampelekea mama." Hakusema kwa kulalamika. Basi la shule likafika, akampandisha mtoto, akampungia mkono mpaka likakata kona.

Nilipita siku hiyo kwenye Mnara wa Azimio. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipinga unyonyaji, na lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wote nchini. Naona kazi ile haijapungua, imepakiwa kwenye basi na kuletwa mjini. Binti aliyekuwa anachota maji na kupalilia mahindi ya kwao, sasa anachota na kufua kwa watu wengine, na wa kumtetea hayupo karibu.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja kima cha chini hata kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri: shilingi 60,000 kwa mwezi. Kilikuwa kidogo, lakini mshahara ni haki yake yeye, siyo ya aliyempeleka. Wapo waajiri wema, niseme kweli. Nawafahamu mabinti waliosomeshwa ushonaji na waajiri wao, leo wana vyerehani vyao Makambako. Wema huo lakini unategemea bahati, na mtoto wa mtu hapandishwi basi kwa kutegemea bahati.

Kwa hiyo wazazi wenzangu wa Kitandililo, huwa nawaomba mambo haya kila nikisikia kuna binti anaondoka. Ongea na mwajiri mwenyewe, usikie sauti yake. Andika jina lake, mtaa wake, namba yake na mshahara mliokubaliana, nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Hela iingie kwenye laini ya binti. Na aondoke na simu yake mwenyewe, hata ile ndogo ya kitochi, umpigie siku yoyote, siyo Jumapili tu.