Swali la Mtoto ni Amana

Walimu wa mitaa ya Lubumbashi: wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi na wa Kampemba. Ninyi mnaofundisha asubuhi, kisha mchana mnamwachia mwenzenu chumba hicho hicho na kundi jingine la watoto. Ninyi mnaovunja chaki vipande viwili ili ifike Ijumaa: neno hili ni lenu kwanza. Wachungaji na wazazi watapata la kwao mbele kidogo.

Mwinjili Luka anatusimulia habari ya Yesu akiwa na miaka 12, umri wa mtoto wa darasa la sita kwetu. Wazazi wake walimtafuta siku tatu, wakamkuta hekaluni kati ya walimu. Alikuwa akifanya nini? Akisikiliza na kuuliza. Tumezoea kumsifu mtoto yule, na tunafanya vema. Leo nawaomba muwatazame wazee wale. Walikuwa wajuzi wa Torati, watu wa kuheshimiwa Yerusalemu nzima, na mbele yao ameketi mtoto wa seremala kutoka Galilaya, ambaye hakuna anayemjua. Hawakumwambia anyamaze. Hawakumwambia kwamba hilo halimo katika programu ya mwaka. Waliketi naye, wakamjibu, wakastaajabu. Mwalimu, kiti cha wazee wale leo umekikalia wewe.

Utaniambia: mchungaji, watoto ni wengi mno, watano wanabanana dawati moja, na kitabu ni hicho kimoja ninachokishika mimi. Najua. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakikulipa sehemu kubwa ya riziki yako. Mnamo Septemba 2019 serikali ikatangaza kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni bure, jambo ambalo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikuwa kimekwisha kuliahidi. Ilikuwa haki! Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya minerval, ile karo ya shule, walirudi. Lakini vyumba havikuzaana, madawati hayakuzaana, na wako walimu waliosimama mbele ya watoto miaka na miaka bila serikali kuwalipa hata franka moja. Sitawaambia kwamba umaskini huo ni baraka. Ni dhuluma.

Neno moja tu silikubali: kwamba shule isiyo na maabara haina cha kuchunguza. Hapa Lubumbashi? Toka nje ya mlango, mwalimu! Kile kichuguu nyuma ya darasa, kirefu kuliko paa la shule, ambacho watu wanakichimba kufyatulia matofali, nani amekijenga? Mvua zikianza, akina mama wanauza kandokando ya barabara uyoga mpana kama mwavuli, na mtoto anaula nyumbani kwa bukari. Siku atakapokuuliza kwa nini uyoga ule unaota penye kichuguu, usimwambie akae chini. Mwambie kwamba chini mle mna shamba. Mchwa wanabeba majani makavu na vipande vya miti, wanaviweka vyumbani, wanaotesha ukungu juu yake na kujilisha kwa huo. Uyoga tunaoula unatoka katika shamba la mchwa, na kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja. Mfalme Sulemani, Biblia inatuambia, alinena habari za miti na wanyama na vitambaavyo, na watu wakatoka mbali kuja kumsikiliza. Unadhani alianza na kitabu?

Au mtoto aulize kwa nini vilima vya shaba havina miti. Hilo ni swali la profesa, ingawa aliyeliuliza yuko peku. Miti mingi haivumilii udongo wenye shaba nyingi. Lakini upo mmea mdogo wa maua ya zambarau unaoupenda udongo huo. Wanasayansi wanauita Haumaniastrum katangense, na wachimbaji wameutumia kutafutia madini. Wachunguzi wa mambo ya kale nao waliufuata, wakakuta pale ulipoota mabaki ya tanuru za mababu zetu, waliokuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba karne nyingi kabla kampuni ya Union Minière haijamimina shaba yake ya kwanza mjini hapa, Juni 1911. Tazama swali moja limemfikisha wapi mtoto wa Ruashi: kwenye mikono ya babu wa babu yake! Na ninyi mlitaka kulifuta ubaoni kwa sababu saa ya hesabu imefika.

Kama hujui jibu, liandike swali kwenye pembe ya ubao pamoja na jina la aliyeuliza, likae pale wiki nzima. Watume watoto mitaani. Yuko mzee aliyefanya kazi ya tanuru katika kampuni ya Gécamines, ameketi uani kwake, hakuna anayemwuliza kitu. Yuko bibi anayejua viwavi gani wanaliwa na wanatoka mti gani. Na mtoto aachwe aulize kwa Kiswahili. Maswali mangapi yamekufa kooni kwa sababu mtoto alikuwa bado anatafuta Kifaransa chake? Sheria ya elimu ya Februari 2014 imezikubali lugha zetu katika miaka ya mwanzo ya shule. Usiwe mkali kuliko sheria.

Mji huu umewahi kuona matunda ya mwalimu anayejizuia. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar. Zilikuwa nyakati za ukoloni, na Mwafrika alifundishwa kuiga. Yeye akawakataza vijana wake kuiga picha za Ulaya, akawaambia watazame porini na majini. Bela Sara akachora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari yake midogo, Pilipili Mulongoy kwa ndege na samaki wake. Walitoka kwa mwalimu mmoja, na hakuna anayefanana na mwenzake.

Sasa sisi wachungaji na mapadri. Tangu mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, makanisa ndiyo yanayosimamia sehemu kubwa ya shule za umma nchini. Basi shule hizi ni zetu, na aibu yake ni yetu. Tunachanga kwa vigae vya hekalu na kinanda kipya, na ng'ambo ya ukuta mtoto yule yule tuliyembatiza ameketi juu ya tofali. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Haut-Katanga na Lualaba; tuwaulize wakubwa wanaotia saini mikataba ya madini hayo dawati liko wapi, tuwaulize mimbarini, wakiwa wameketi mstari wa mbele. Na wewe mzazi, mtoto akikuuliza jioni, usimwite mtundu.

Jumapili hii, baada ya sadaka ya kawaida, kila parokia ichange kwa ajili ya chaki, vitabu na chakula cha mwalimu asiyelipwa. Na wewe mwalimu, Jumatatu asubuhi, kabla hujaandika tarehe ubaoni, waulize watoto wameona nini njiani, kisha wape nafasi ya kusema.