Hukumu Kabla ya Hakimu



Kapsoit ni mji mdogo wa nchi ya chai, katika barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu. Mwenye duka wa huko na mwenye duka wa Kibokoni, Mombasa, hawajuani, lakini mwezi wa Oktoba 2021 wote wawili walifikiwa na khabari moja, na yamkini wote wawili walitamka neno moja: "Afadhali."

Khabari yenyewe ilikuwa ya kijana Masten Wanjala. Alikamatwa Julai 2021, na polisi wakatangaza kwamba amekiri kuwaua watoto zaidi ya 10. Tangazo lao lilimwita mnyonya damu, na magazeti yakalichukua neno hilo yakalieneza nchi nzima. Tarehe 13 Oktoba, siku aliyokuwa apelekwe mahakamani, ikajulikana kuwa ametoroka kituoni Nairobi. Siku mbili baadaye watu wa Bungoma walimkuta wakamwua.

Ni nani asiyewahurumia wazazi wa watoto wale? Msiba wao hauna kifani. Lakini na tuulize: walipata nini katika mauti yale? Hawakusikia ushahidi ukitolewa, wala hawakumwona hakimu akiandika majina ya watoto wao katika hukumu. Ikiwa alikuwa na siri, amekwenda nayo kaburini. Waliompiga walidhani wanawalipia kisasi wafiwa, kumbe waliwanyang'anya haki yao. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israai, amempa walii wa aliyeuawa kwa dhulma uwezo wa kudai, kisha akamkataza asipite mpaka katika kuua. Ikiwa walii mwenyewe amewekewa mpaka, sembuse mpita njia aliyeokota jiwe?

Wapo watakaosema: "Yule alikwisha kukiri." Haya, na tumtazame ambaye hakukiri. Mwaka 2018 mtangazaji Jacque Maribe alishtakiwa pamoja na Joseph Irungu kwa mauaji ya Monica Kimani. Kwa zaidi ya miaka mitano maisha yake yalikuwa kitoweo cha magazeti na simu za mkononi. Februari 2024 Mahakama Kuu ilimtia Irungu hatiani, na Maribe ikamwachilia. Je, waliomhukumu barazani walimwendea kumtaka radhi? Hukumu ya ulimi haina rufaa.

Mtume wetu (S.A.W.), alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimuusia asitoe hukumu mpaka awe amewasikia wote wawili. Ikiwa Ali, pamoja na elimu yake, alihitaji wasia huo, mimi na wewe twathubutu vipi kuhukumu kwa kichwa cha khabari? Tena aliletwa kwa Mtume mtu aliyekunywa ulevi, akaadhibiwa. Baadhi ya watu wakamwapiza, naye akawakataza wasimsaidie shetani juu ya mwenzao. Hatia ya mtu yule ilikuwa imethibiti. Hata hivyo adhabu ilikuwa na kikomo, na matusi hayakuwamo.

Twapenda kuwalaumu waandishi, nao wanastahili lawama. Lakini mwenye gazeti huuza kinunuliwacho, na wanunuzi ndio sisi. Suratul Hujurat imetuamrisha kupeleleza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi tusomapo khabari ya mshtakiwa, tuseme "ameshtakiwa," tusiseme "ameua." Tusisambaze picha za jamaa zake. Tuwafikie wafiwa kwa pole na msaada, badala ya kuwafanya hadithi ya jioni. Na tudai kesi zisikizwe upesi, kwani haki ikichelewa ndipo mawe huokotwa. Kundi likimwandama mtu, iwe Kapsoit au Kongowea, asiwepo Mwislamu miongoni mwa wapigao, wala miongoni mwa watazamao wakicheka.

Mwenyezi Mungu atuepushe na damu ya watu, ile ya mikononi na ile ya ulimini. Amin.