Je, Ni Halali Kufurahia Sinema za Mauaji?

 

Kuna swali ambalo limeletwa kwetu zaidi ya mara moja. Wazazi wanalalamika kwamba vijana wanajaa kwenye kibanda cha video kutazama sinema za watu wanaochinjwa, nao wanataka kanisa litoe tamko. Vijana nao wanajibu: ikiwa hakuna mtu anayekufa kweli, dhambi iko wapi? Ni swali zuri, lisifukuzwe. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi wayatafakari mambo yaliyo safi, na wengi wetu tungependa kumalizia hapo. Lakini Biblia hiyo hiyo ina Waamuzi sura ya 19, ambamo mwanamke anatendewa ukatili usiku kucha, anaanguka mlangoni, kisha mwili wake unakatwa vipande 12 na kupelekwa Israeli yote. Sidhani kuna kibanda kilichowahi kuonyesha jambo baya kuliko hilo. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi kutupa jibu.

Tuchukue mfano mmoja tunaoujua vizuri. Sisi tuliokuwa watoto kule Uvira, Baraka na Fizi wakati nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, tuliijua sinema iliyoitwa kwa Kifaransa Vendredi 13, yaani Ijumaa tarehe 13. Waamerika walioitengeneza waliiita Friday the 13th. Ilitufikia kwa kaseti iliyonakiliwa mara nyingi hata picha ikawa inatetemeka, ikaonyeshwa kwa jenereta katika chumba chenye mabenchi. Kifaransa hatukukifuata vema, basi kijana mmoja alisimama kando akatusimulia kwa Kiswahili, na yale asiyoyaelewa aliyatunga mwenyewe. Tulimpenda Jason. Tulipiga makofi alipotokea na kile kinyago chake cheupe chenye matundu, kinyago cha golikipa wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Halafu kwa siku kadhaa hakuna aliyetaka kuoga ziwani jioni, maana Jason alitoka majini.

Mwaka huu tuliitazama tena, sisi pamoja na wazee wawili wa kanisa, kwenye kompyuta ndogo iliyochajiwa kwa sola. Tulianza na ile ya kwanza. Tukawa tunangoja kinyago. Hakikuja mpaka mwisho.

Wengi wamesahau, au hawakupata kujua. Filamu ya kwanza ilitoka Mei 1980, iliongozwa na Sean S. Cunningham na kupigwa picha katika jimbo la New Jersey. Muuaji ndani yake si Jason, ni mama yake. Bibi Pamela Voorhees alikuwa mpishi katika kambi ya watoto kando ya ziwa liitwalo Crystal Lake. (Neno kambi kwa wenzetu lina maana nyingine. Wazazi hulipa fedha ili watoto wao wakae kambini wakati wa likizo, kisha hurudi nyumbani. Mzee wetu mmoja alicheka sana hapo, tukalazimika kusimamisha picha.) Mwaka 1957 mwanawe Jason alizama, kwa sababu vijana waliopewa kazi ya kuwaangalia watoto walikuwa wameshughulika na mambo yao. Mwaka uliofuata wasimamizi wawili waliuawa, kambi ikafungwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye inataka kufunguliwa tena, na vijana wapya wanaajiriwa.

Kati ya hao vijana wapya, wa kwanza kufa ni Annie. Anakwenda kuwa mpishi wa kambi. Anapewa lifti njiani, anamwambia dereva kwamba siku zote alitaka kufanya kazi na watoto, na dereva huyo ndiye muuaji. Anakatwa koo msituni kabla hajafika. Mpishi amemuua mpishi! Siku Jason alipozama, msichana huyu hakuwa msimamizi wa mtu yeyote. Kama alikuwa amezaliwa, alikuwa mtoto mdogo. Kosa lake ni kuitikia kazi mahali pale.

Na muuaji anapoonekana uso wake, ni mama wa makamo aliyevaa sweta, mwenye sauti ya upole. Alice, msichana aliyebaki hai peke yake, anamkimbilia akidhani msaada umefika.

Hapo hakuna aliyecheka. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaijua hali hiyo kuliko waliotengeneza filamu. Oktoba 1996, vita ilipoingia Uvira na watu wakaanza kuvuka Tanganyika kuelekea Kigoma, wengine kati ya waliotutesa walikuwa wageni, ni kweli. Lakini wengine walitujua kwa majina. Walikuwa wamekula kwetu. Hawakuhitaji kinyago, na wengine walikuwa na misiba yao wenyewe ya kweli kabisa, misiba ambayo hatukuisababisha sisi.

Filamu ya kwanza, pamoja na uchafu wake wote, ilisema jambo hilo. Uchungu wa mama yule ni wa haki. Waliozembea walistahili kuitwa kwa majina yao mbele ya hakimu. Lakini uchungu ulipokosa pa kwenda, ukawashukia watu wengine waliofanana na wakosaji kwa kazi tu. Sehemu ya tano, ya mwaka 1985, inarudia jambo lile lile: dereva wa gari la wagonjwa anayeitwa Roy amepoteza mtoto wake aliyeuawa kwa shoka, na aliyefanya hivyo amekwisha kukamatwa, hata hivyo Roy anajivika kinyago na kuanza kuua watu ambao hawakuushika ule mpini. Wengi hawaipendi sehemu hiyo kwa sababu Jason mwenyewe hayumo. Sisi tuliiona ni ya pili kwa ukweli.

Zilizobaki hatuna mengi ya kuzisemea. Ya kwanza iligharimu kama dola 550,000 ikaingiza karibu dola milioni 40 huko Marekani peke yake, na biashara inajulikana. Mwaka 1981 Jason alirudi akiwa mtu mzima mwenye gunia kichwani, mwaka 1982 akapata kinyago. Ya mwaka 1984 iliitwa sura ya mwisho, na kabla ya mwaka kwisha ikatoka nyingine. Mpaka mwaka 2009 zilikuwa zimefika 12. Uchungu wa mama ukatoweka, kikabaki kinyago. Kwa maoni yetu madhara yaliingia hapo, kuliko katika wingi wa damu. Mtoto anayetazama anafundishwa kwamba mwovu ni kiumbe wa namna nyingine, hana mama wala jirani, na kumkata vipande ni sherehe.

Waulizeni vijana wa kibandani muuaji anaitwa nani. Wote watajibu. Kisha waulizeni jina la mmoja tu wa waliouawa.

Na sasa tuwaombe wazazi wasitucheke, maana swali hilo linaingia hata nyumbani kwetu. Watoto waliozaliwa hapa hawakuiona vita ile. Wanaijua kwa masimulizi yetu ya jioni. Tumekaa katika nyumba za waumini, tumesikia mtoto wa miaka tisa akitaja bila kusita kabila lililomuua babu yake. Tulipomuuliza babu huyo aliitwa nani, alinyamaza akamtazama baba yake. Hakujua kama babu alikuwa mvuvi au fundi, aliimba sauti gani kanisani, alizikwa wapi au hakuzikwa. Alijua kinyago tu. Mtoto huyo hajawahi kuingia kwenye kibanda cha video, wazazi wake ni wakali sana juu ya jambo hilo.

Ndugu mmoja alitupinga kwa ukali, akasema tunataka watu wawahurumie wauaji. Hapana. Aliyeua ana jina, na aitwe mahakamani kwa jina hilo, hata kama itachukua miaka. Tunachokataa ni kulivika kabila zima kinyago kimoja. Tulimwomba ndugu huyo aendelee kusoma baada ya Waamuzi 19. Wakosaji walikuwa wanaume wa mji mmoja, Gibea. Wabenyamini walikataa kuwatoa, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini vita iliyofuata iliteketeza miji na wanawake na mifugo, wakabaki wanaume 600 waliokimbilia mwambani. Kisha hao hao walioshinda wakaketi mbele za Mungu wakalia kwa sauti, wakiuliza imekuwaje kabila moja limepungua katika Israeli. Mwandishi wa Waamuzi hakuficha damu hata tone, na hakuficha kilio cha waliomwaga. Katika filamu ya kwanza Alice anaamka hospitalini, anaambiwa wenzake wote wamekufa, na picha inakwisha bila mtu hata mmoja kulia. Katika ile ya mwaka 1986 kaburi linaonekana, ila ni la Jason, nalo linafukuliwa.

Kuhusu kibanda, tumezungumza na mwenyewe kwa amani. Watoto wadogo hawataingia. Sauti itapunguzwa usiku, kwa sababu kuna mama anayeishi nyuma ya kibanda ambaye kila akisikia makelele yale huwabeba watoto wake na kutoka nje, hata mvua ikinyesha. Kwake hiyo si sinema. Vijana wakubwa hatukuwapiga marufuku, na tunajua baadhi ya wazee hawakufurahia. Tumewaalika Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tuitazame ile ya kwanza pamoja, tena polepole, na kila mmoja aje amekwisha kuuliza nyumbani jina la ndugu mmoja aliyebaki kule.

Bibi mmoja wa idara ya akina mama alitusikia tukipanga hayo akataka asimuliwe hadithi yenyewe. Tukamsimulia yote. Hakuuliza habari za kinyago wala za panga. Aliuliza yule mtoto aliyezama alizikwa wapi. Tukamwambia kwamba katika sehemu ya pili wanasema mwili haukupatikana. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote aliyeendelea kuutafuta.