Pembe Nne za Godoro



Katika Injili ya Marko, mlango wa pili, twasoma habari za mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne hata mbele ya Bwana Yesu. Tumelifundisha somo hilo miaka mingi, tukiisifu imani yao. Lakini hatukuwahi kujiuliza kwa nini walikuwa wanne. Mama yetu mzazi ndiye aliyetufundisha.

Alianza kwa kusahau sufuria motoni. Kisha akawa anakwenda stesheni kumpokea baba atokaye Tabora kwa treni. Na baba tulikwisha kumzika zamani. Usiku mmoja akaonekana uani kwa jirani, hajui yuko wapi. Asubuhi likaanza kunong'onwa neno ambalo katika nchi yetu limewaponza wazee wengi, hata wengine kuuawa. Tukaogopa, tukamfungia ndani kwa kufuli. Tulisema ni kwa usalama wake. Kwa kweli tuliona haya. Alilia akigonga mlango, nasi tukaenda ibadani.

Wapenzi, huo si uchawi wala laana. Ni ugonjwa wa ubongo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee walipimwa kijiji kwa kijiji, na mwaka 2010 ilionekana kwamba katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 wanao. Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Lakini mzigo wake wachukulika, mradi asiachiwe mtu mmoja.

Pembe ya kwanza ni nyumba. Mara nyingi binti mmoja huachiwa yote, na ndugu wengine hutuma pole kwa simu. Gawaneni zamu, za usiku na za mchana.

Pembe ya pili ni zahanati. Mzee akichanganyikiwa ghafla, msingoje kesho: huenda ni malaria, sukari au homa ya mapafu, nayo hutibika. Akisahau polepole, apimwe pia presha, macho na masikio. Kisha ombeni barua ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Gaspar hapa Itigi; na ikibidi, Mirembe kule Dodoma. Kwenda Mirembe si aibu.

Pembe ya tatu ni serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikusudia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwoneni mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii, mwulize utaratibu wa sasa. Mwenyekiti wa kitongoji naye aambiwe mapema kwamba mzee ni mgonjwa, ili akionekana usiku arudishwe kwa upole.

Pembe ya nne ni sisi kanisa. Siku moja alikuja dada wa Umoja wa Mama, akaketi na mama yetu mchana kutwa, nasi tukapata kulala. Hakuhubiri. Alimwosha miguu, akaimba naye. Na mama aliyekwisha kusahau majina yetu hakukosa hata ubeti mmoja. Jioni ile tuliliondoa kufuli.

Basi, kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja ajiulize: katika mtaa wetu, ni nani anayeburuta godoro peke yake? Tukimjua, twende tukashike pembe. Bwana atutie nguvu mikono. Amina.