Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo niliifundisha chuoni kwa miaka mingi, na bado naiheshimu. Hata hivyo, kuna swali ambalo haijalijibu: mtu aliyezaliwa katika ukoo na kuajiriwa katika ofisi, akapewa taratibu mbili za kufuata, je, anaweza kuzifuata zote bila kuwa mnafiki?

Mfano wa kutusaidia nimeupata katika kompyuta. Kila kompyuta hutawaliwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Nyingi hununuliwa zikiwa na Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na wenye mashine kuukuu zisizokidhi masharti ya Windows 11 wakajikuta njia panda. Baadhi yao waligeukia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza na kuugawa. Aina yake moja, iliyotolewa mwaka 2004, huitwa Ubuntu, jina lililo ndugu wa neno letu utu. Lakini wapo wasiotaka kuifuta Windows, kwa kuwa kazi zao zimo humo. Hao huweka mifumo yote miwili katika mashine moja.

Jambo hilo hufanyika kwa utaratibu. Kwanza hutolewa nakala ya kazi zote na kuhifadhiwa nje ya mashine. Kisha eneo la Windows katika diski hupunguzwa, na nafasi iliyoachwa wazi hupewa mgeni. Tangu hapo, kila mashine inapowashwa huonyesha orodha, na mwenyewe huchagua. Fahali hao wawili hukaa zizi moja kwa sababu umewekwa ua kati yao, na kwa sababu hawatawali kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, ugomvi haukosekani. Windows ina tabia ya kutozimika kabisa. Hulala nusu ili kesho iamke upesi. Linux ikiingia na kuandika katika eneo la mwenzake aliyelala hivyo, kumbukumbu zinaweza kuharibika. Pia kuna ugomvi wa saa. Windows huichukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni saa ya mahali ulipo, lakini Linux kwa kawaida huichukulia kuwa ni saa ya kimataifa, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumeitangulia kwa saa 3. Basi ukihama mfumo, unaweza kukuta saa imekwenda mbele au imerudi nyuma kwa saa 3. Hakuna aliyesema uongo. Namba ni ile ile, ila kila mmoja anaipa maana yake.

Sasa turudi kwa binadamu. Mkuu wa chuo ni mjomba wa mtu. Dada yake akimletea mtoto aliyekosa alama za kujiunga, neno “msaada” lina maana mbili. Nyumbani ni wajibu wa damu. Ofisini ni kumnyang'anya nafasi mtoto wa mtu asiye na mjomba. Ukoo si uovu, wala ofisi si ukatili. Uovu huanza pale mjomba anapokalia kiti cha mkuu akiwa hajamaliza kuwa mjomba, akashika kalamu ya umma huku akisoma saa ya nyumbani. Jioni, kwa fedha yake mwenyewe, anaweza kumlipia mtoto huyo karo ya kurudia mtihani. Hapo atakuwa mjomba kamili, na asubuhi alikuwa mkuu kamili.

Kwa hiyo naona kwamba mnafiki si yule mwenye taratibu mbili. Mnafiki ni yule aliyevunja ua kati yake, halafu akauita uharibifu huo huruma.

Limebaki jambo moja. Ile orodha haimsubiri mtu siku nzima. Usipobonyeza kitu, baada ya sekunde chache mashine huwasha yenyewe mfumo uliowekwa wa kwanza. Nasi tuko hivyo hivyo: tukibishiwa hodi ghafla, huamka kile tulichokitanguliza zamani. Ni vema mtu akaipanga orodha yake mapema, kabla dada hajafika mlangoni.