Mzigo Uliozidi: Makosa ya Nani?

Ndugu zetu, sheria ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2016 yaweka kikomo cha tani 56. Lori likizidi pasipo kibali, likakamatwa penye mizani ya Mariakani, dereva husema: “Mimi nimetumwa.” Tajiri naye: “Mimi sikuwapo.”

Mafakihi wamepambanua baina ya mtendaji na msababishi. Asili, dhamana ni ya mtendaji, ila akiwa ameghuriwa au amelazimishwa. Dereva aliyepewa kontena lenye lakiri na karatasi za uwongo ameghuriwa. Dhamana ni ya aliyemghuri. Lakini ajuaye, akenda kwa kuchelea kufutwa? Kufutwa kazi (nako ni kuzito, hatukani) si upanga shingoni. Ana dhambi yake. Na tajiri aliyemwamrisha anayo yake, haipunguzwi na ile. Basi kumkata dereva mshahara kwa faini, na nauli ya tani zilizozidi ikabaki mfukoni mwa tajiri, ni dhulma iliyo wazi.