Nani Yuko Nyuma Yako?

Andiko: 1 Samweli 30:9-25



Mnakumbuka ile safari ya baiskeli ya siku nne tuliyofanya na vijana, tukiombea vijiji vya bonde la Kerio. Kuteremka kutoka Nyaru hadi Kimwarer ilikuwa raha tupu. Unashika breki na kuimba. Kazi ilikuwa siku ya mwisho, kurudi nyumbani. Mlima wa Fluorspar mnaujua: kilomita 21, na unapanda zaidi ya mita 1,000. Hata wakimbiaji wetu wakiambiwa kesho ni Fluorspar, wanalala mapema.

Tulikuwa 13. Wengi wetu tulikuwa na baiskeli za gia. Ndugu mmoja alikuwa na ile nzito, blaki mamba, na kwa sababu keria yake ilikuwa imara, tukamfungia sufuria, unga na pampu ya kikundi. Hebu fikiria! Mwenye baiskeli nzito ndiye tuliyembebesha mzigo wetu.

Kwenye kilomita ya nane akabaki nyuma. Mimi mchungaji wenu nilimwona. Nikasema moyoni, "Atafika tu," nikaendelea kukanyaga. Saa nane tulikuwa Nyaru. Tukanywa chai, tukapiga picha, tukashuhudia jinsi Mungu alivyotutia nguvu. Yeye alifika saa kumi na mbili, giza likiingia, akisukuma baiskeli, amenyeshewa. Alifungua mzigo, akatupa pampu, akaenda zake. Jumapili tatu hakuonekana kanisani.

Nilipomtembelea aliniambia, "Pasta, mlima haukuniumiza. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyegeuka." Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha.

Sasa fungua andiko letu. Daudi ana watu 600 wanaowafuata Waamaleki. Kwenye kijito cha Besori, 200 wanaishiwa nguvu, wanabaki na vyombo. Waliobaki 400 wanaendelea na kushinda. Wakati wa kurudi, wengine wanasema wale waliochoka wasipewe nyara. Daudi anakataa: aliyepigana na aliyelinda vyombo watagawana sawa. Na akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Lakini usiruke yule kijana Mmisri. Bwana wake Mwamaleki alimwacha njiani kwa sababu aliugua. Daudi akampa mkate, tini, zabibu na maji, na ni yeye aliyewaonyesha adui alipo. Umeona? Katika sura moja kuna viongozi wawili. Mmoja humtupa mgonjwa, mwingine humlisha. Siku ile mlimani, mimi nilikuwa upande wa Mwamaleki, huku nikiimba nyimbo za Sayuni.

Wapendwa, sisi wa Kaptagat tunapenda wanaofika mbele. Ni vizuri. Lakini Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumsaidia kushika mwendo. Kama bingwa anahitaji watu, wewe je? Na yule mkimbiaji aliyeumia goti, akarudi kwao bila viatu vya mkataba, ni nani amemtembelea? Yule dada ambaye biashara yake imeanguka? Yule kijana aliyepata alama za chini, anakaa nyuma akitoroka salamu?

Usiseme, "Atafika tu." Labda atafika. Lakini atafika akiwa amejifunza kwamba kanisa halingoji mtu.

Wiki hii usimwombee tu. Geuka. Nenda kwake na maziwa lala, kaa naye, uliza ni mzigo gani amebeba, na uangalie kama si wako. Ukiukuta ni wako, uchukue.

Ndugu yetu amerudi. Safari ijayo yeye ndiye atakuwa mbele, na sisi sote tutafuata mwendo wake. Pampu nitaibeba mimi.

Bwana, tusamehe kwa wote tuliowaacha mlimani. Tupe shingo inayogeuka na moyo unaongoja. Katika jina la Yesu, Amina.